"Ina dhamana ya Serikali": hatifungani ya mapato inamlinda mwekezaji kwa kiasi gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Newala. Nina shilingi milioni 20, sehemu ni kiinua mgongo na sehemu ni fedha ya korosho. Vijana wawili walikuja kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi wakatueleza habari za hatifungani za mapato zinazotolewa na mamlaka za umma. Walisema zina dhamana ya Serikali, na kwamba Serikali haihami mji. Naomba kujua sheria inanilinda vipi hasa ikiwa hiyo mamlaka itashindwa kulipa. Na nikifariki kabla ya muda kuisha, wanangu watapata nini?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Swali lako lina sehemu mbili, na nitaanza na ile ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye mtego. Mtego wenyewe umo ndani ya neno moja ambalo vijana wale walilitumia, pengine bila hila yoyote, nalo ni dhamana.

Kiswahili kimelitwisha neno hili mizigo mingi. Ndugu akiwekwa mahabusu tunakwenda kumwekea dhamana. Shamba la mikorosho likiandikwa benki kwa ajili ya mkopo huwa ni dhamana. Waziri hukabidhiwa dhamana ya wizara. Na katika lugha ya masoko ya mitaji, hisa na hatifungani (yaani hati za mkopo, ambazo mnunuzi anamkopesha mtoaji kwa muda maalumu, analipwa riba, na mwishoni anarudishiwa mtaji) zote kwa jumla huitwa dhamana, ndiyo maana msimamizi wake anaitwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya wanachama wa chama cha msingi akasema kwamba hatifungani fulani ina dhamana ya Serikali, anaweza kuwa anasema mojawapo ya mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa mbele ya sheria, na wasikilizaji wakarudi nyumbani kila mmoja na lake.

Huenda anasema kwamba hatifungani hiyo ni ya Serikali yenyewe. Hizo ni hatifungani za Hazina, ambazo Benki Kuu huziuza kwa mnada kwa niaba ya Serikali, nyingine za miaka michache na nyingine za hadi miaka 25. Mwenye hatifungani ya namna hii ana kinga kubwa kuliko mwekezaji mwingine yeyote wa hatifungani nchini, kwa kuwa Ibara ya 141 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaliweka Deni la Taifa juu ya Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, na inafafanua kwamba deni hilo ni pamoja na faida inayolipwa juu yake. Malipo yako hayasubiri mradi wowote ufanikiwe, kwa sababu kodi ya nchi nzima imesimama nyuma yako.

Huenda pia anasema kwamba mkopaji ni chombo kingine, ila Serikali imejifunga kulipa iwapo chombo hicho kitashindwa. Dhamana hiyo haizaliwi na hotuba ya uzinduzi wala na picha ya kiongozi kwenye bango. Chini ya Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134, mwenye mamlaka ya kuitoa ni Waziri wa Fedha, na ikiwapo lazima kuwe na hati yake. Uombe hiyo hati. Iangalie tarehe, kiasi kilichotajwa, kama inagusa mtaji peke yake au mtaji pamoja na riba, na kama inaishi hadi siku ya mwisho ya hatifungani au inakoma njiani. Wakala akikujibu kwamba hati ipo Dodoma lakini hawezi kukuonyesha, hesabu kwamba haipo.

Jambo la tatu ndilo ninaloshuku mliambiwa, yaani kwamba anayekopa ni chombo cha umma, basi. Hapo mdaiwa wako ni mamlaka ile peke yake, na fedha ya kukulipa itatoka kwenye mapato iliyoyaahidi, ambayo kwa mamlaka ya maji ni ankara za wateja. Mfano ulio karibu ni wa Tanga. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya huko ilitoa hatifungani ya kijani ya mapato ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila baada ya miezi sita, na baadaye ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka huohuo watu wengi walinunua Hatifungani ya Miundombinu ya Samia, yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, wakidhani wanaikopesha Serikali kwa kuwa fedha zake zililengwa kwa wakandarasi wa barabara za TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, ilhali mdaiwa wao pale ni Benki ya CRDB. Silaumu hatifungani yoyote kati ya hizo. Nataka tu uzoee kuuliza kwanza ni nani anayedaiwa, ndipo uulize riba ni asilimia ngapi.

Sasa tuingie kwenye hatifungani ya mapato yenyewe. Wewe ni mkulima wa korosho, kwa hiyo sina haja ya kuzunguka. Msimu ukifika unapeleka magunia ghalani, mnada unafanyika, bei inasomwa, na kabla fedha haijaingia kwenye akaunti yako kuna makato: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji. Bei iliyosomwa mnadani ni moja na fedha inayokufikia ni nyingine, na kila mkulima wa Newala na Tandahimba anaweza kukutajia tofauti hiyo hadi shilingi ya mwisho. Hatifungani ya mapato ni karatasi inayokuingiza wewe kwenye orodha ya makato ya mamlaka ya maji. Kabla ya kutazama jambo jingine lolote, tafuta upo mstari wa ngapi.

Nitakupa hesabu ya kubuni. Tuseme mamlaka fulani inakusanya shilingi milioni 400 kwa mwezi na inatumia milioni 280 kwa umeme, dawa za kutibu maji, mishahara na matengenezo. Inabaki na milioni 120, ambazo kwa miezi sita ni milioni 720. Imekopa bilioni 5 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13, kwa hiyo kila nusu mwaka inadaiwa riba ya milioni 325, na ikiwa mkataba unaitaka iweke kando sehemu ya mtaji kila mara, inaongeza milioni 250. Jumla ni milioni 575. Ukigawa 720 kwa 575 unapata 1.25, yaani kwa kila shilingi 100 inayodaiwa, mamlaka ina shilingi 125 za kulipia. Inaridhisha. Lakini pampu mbili zikiungua na matumizi yakapanda hadi milioni 310 kwa mwezi, kinachobaki kwa nusu mwaka ni milioni 540, na tayari pengo la milioni 35 limefunguka. Hakuna mtu aliyeiba wala kusema uongo, na bado fedha yako haikutimia.

Mikataba iliyoandikwa vizuri huliziba pengo hilo kwa akaunti ya akiba, ambamo tangu siku ya kwanza huwekwa fedha ya kutosha malipo ya awamu moja au zaidi, na mkopaji haruhusiwi kuigusa kwa shughuli nyingine. Soma kama akiba hiyo imejazwa tangu mwanzo au itajazwa polepole "mapato yakiruhusu". Maneno hayo mawili ya mwisho ni mlango ambao mkopaji anaweza kupitia na gari lake.

Halafu kuna namna mbili za kukupanga kwenye orodha. Katika ya kwanza unalipwa kutoka mapato ghafi, kabla hata ya gharama za kuendesha mitambo. Katika ya pili unalipwa kutoka mapato halisi, yaani baada ya gharama hizo. Wawekezaji wapya hukimbilia ya kwanza. Mimi siipendi sana, kwa sababu mamlaka iliyowalipa wenye hatifungani kwanza ikakosa fedha ya umeme haitasukuma maji, na wateja wasiopata maji hawalipi ankara, na asiyelipwa ankara hana cha kukulipa nusu mwaka unaofuata. Mapato halisi yenye uwiano mzuri na akiba iliyojaa ni kinga bora kuliko mapato ghafi ya mamlaka inayopumua kwa shida.

Usiridhike na kuliona neno "mapato" kwenye ukurasa wa mbele. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilipitia mkataba wa mkopo wa taasisi moja ya umma, nikasoma vifungu vyote vikubwa kwa makini, nikaruka ukurasa wa tafsiri za maneno kwa sababu ulionekana wa kuchosha na jua la mchana wa Mtwara lilikuwa limeshaingia hadi mezani. Miezi michache baadaye mkubwa wangu aliufungua ukurasa uleule akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Mapato" yalikuwa yametafsiriwa kuwa fedha zote zinazokusanywa isipokuwa ruzuku, isipokuwa ada za kuunganishia wateja wapya, na isipokuwa "makusanyo mengine yatakayoainishwa na bodi". Bodi ilikuwa na uwezo wa kulitoa fungu lolote kwenye kapu kwa kuketi kikao kimoja. Tangu siku hiyo naanza kusoma kila waraka kwa ukurasa wa tafsiri.

Wakala wenu atakuwa aliwaambia pia kwamba mapato yakipungua mamlaka itapandisha bei ya maji. Ni kweli kwamba hatifungani za mapato kwa kawaida huwa na ahadi ya bei, ambayo mkopaji anajifunga kutoza kiasi kitakachotosha gharama na deni, na kwamba nchini Marekani, zilikozaliwa na kukomaa hatifungani hizi, ahadi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kinga yote. Lakini kwetu bei ya maji inadhibitiwa na EWURA, mamlaka ya Serikali ya udhibiti wa nishati na maji. Mamlaka hupeleka maombi, mkutano wa taftishi unaitishwa, wananchi wanasema yao, na mdhibiti anaweza kukubali, kukataa au kupunguza kilichoombwa. Kwa hiyo ahadi ya kupandisha bei, ikisomwa kwa macho ya sheria za Tanzania, ni ahadi ya kuomba. Waraka makini wa matarajio, yaani kitabu cha maelezo anachopewa mwekezaji kabla ya kununua, utalisema hilo waziwazi kwenye sura ya vihatarishi, na utaeleza kama bei zilizotumika kwenye makadirio tayari zimeidhinishwa au bado ni matumaini. Sehemu hiyo uisome mwenyewe, usimwachie mtu akusomee.

Chungulia vilevile kifungu cha mikopo mingine. Ikiwa mamlaka inaweza kukopa tena kesho na kumweka mkopeshaji mpya mstari mmoja na wewe, au juu yako, basi ule uwiano wa 1.25 hauna maana. Mikataba mizuri hukataza mkopo mpya mpaka ithibitike kwamba mapato yaliyokwisha kukusanywa, si yanayokadiriwa, yanatosha madeni yote mawili.

Sasa tufike mahakamani, ambako watu wengi hushtuka. Ukimdai mfanyabiashara akashindwa kulipa, unashtaki, unashinda, na dalali wa mahakama anapiga mnada gari lake. Kwa chombo cha umma haiendi hivyo. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lipelekwe Mahakama Kuu; na marekebisho ya mwaka 2020 yaliyapanua masharti hayo yakavifikia vyombo kama mamlaka za serikali za mitaa na wakala wa Serikali. Hata ukishinda, hukumu haikupi ruhusa ya kukamata mali. Unapata hati ya kinachodaiwa, unaipeleka kwa anayepaswa kulipa, na akikaa kimya unarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha atimize wajibu wake. Hakuna atakayeng'oa pampu kwenye chanzo cha maji ili mwalimu wa Newala alipwe, na nadhani hata wewe usingependa hilo litokee, kwa kuwa walio mwisho wa bomba ni watu kama wewe.

Hiyo ndiyo sababu kinga ya kweli katika hatifungani ya mapato haikai kwenye mali. Inakaa kwenye fedha wakati bado inasafiri. Mteja analipa ankara kwa namba ya malipo ya Serikali; fedha ile inatua kwenye akaunti gani, na nani ana saini ya kuitoa? Ikiwa inatua moja kwa moja kwenye akaunti maalumu iliyo chini ya mtu wa tatu, naye anakata fungu la wenye hatifungani kwanza kisha anaachia linalobaki, umelindwa kabla ya ugomvi kutokea. Ikiwa inatua kwenye akaunti ya kawaida ya mkopaji, au inaingia kwenye Akaunti Jumuifu ya Hazina, ambamo fedha za vyombo vingi vya umma hukaa pamoja, na mkopaji anaahidi tu kwamba atakumbuka kuitenga, basi ulichonacho ni ahadi, na utekelezaji wake unapita kwenye zile siku 90.

Huyo mtu wa tatu kwenye nyaraka anaitwa, utacheka, mdhamini. Si yule wa kulipa deni la mwingine akishindwa; huyu ni msimamizi wa haki za wenye hatifungani wote kwa pamoja, mwenye jukumu la kufuatilia hesabu, kutoa notisi na kushtaki kwa niaba yenu. Hana wajibu wa kukulipa hata senti moja ya mfuko wake. Angalia analipwa na nani, kama ana uhusiano mwingine wa kibiashara na mkopaji, na kama ana wajibu wa kuchukua hatua au ana hiari tu. Jua pia kwamba mara nyingi mkataba humzuia mwekezaji mmojammoja kushtaki peke yake mpaka wenzake wenye kiwango fulani cha thamani, mara nyingi robo, waombe kwa maandishi na mdhamini akatae. Kwa mwenye milioni 20 ndani ya mabilioni, sauti yako haifiki mbali bila ya mifuko ya pensheni na benki zilizonunua nyingi zaidi. Ukiona wakubwa hao wamenunua, ni faraja kidogo, kwa sababu watapigana na wewe utanufaika; lakini wao ndio watakaoamua pia kama deni liongezewe muda.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa kusini hawahitaji kufundishwa. Sheria ya korosho ilikuwa imeelekeza kwamba asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje irudi kuendeleza zao na asilimia 35 iende Serikalini. Mwaka 2018, kupitia Sheria ya Fedha, Bunge lilibadilisha mgawo huo na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Mtwara na Lindi walipinga kwa nguvu, na mabadiliko yakapita. Kwa mwanasheria, lililo muhimu hapo ni kwamba mkulima hakuwa na mkataba. Alikuwa na kifungu cha sheria kilichomnufaisha, na kilichowekwa na Bunge kinaondolewa na Bunge. Mwenye hatifungani anapaswa kuwa na zaidi ya hapo: mkataba wenye rehani juu ya mapato, na ndani yake ahadi kwamba mabadiliko ya sheria yatakayoyapunguza yatahesabika kuwa uvunjaji wa mkataba na kumpa haki ya kudai mtaji wake mara moja.

Wamarekani wameligombania hili hadi Mahakama yao ya Juu. Mwaka 1962 majimbo ya New York na New Jersey yaliwaahidi wenye hatifungani za mamlaka yao ya bandari kwamba mapato yaliyowekwa rehani hayatatumiwa kubeba hasara ya usafiri wa reli zaidi ya kiwango kilichokubaliwa. Mwaka 1974 yakaifuta ahadi hiyo kwa sheria, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ikasema hapana, kwa kuwa katiba yao inakataza jimbo kutunga sheria inayovunja wajibu wa mikataba. Katiba yetu haina kifungu cha maneno hayo. Tunayo Ibara ya 24 inayolinda haki ya kumiliki mali na kukataza kunyang'anywa bila fidia inayostahili, na wakili mzuri anaweza kujenga hoja juu yake, lakini nisingekushauri uweke kiinua mgongo mahali ambapo utahitaji wakili mzuri ili ukipate.

Wala usidhani huko kwao kila kitu kimenyooka. Mwaka 1983 mfumo wa umma wa umeme wa jimbo la Washington ulishindwa kulipa hatifungani za dola bilioni 2.25 zilizokuwa zimejenga nusunusu vinu viwili vya nyuklia. Mashirika 88 ya umeme yalikuwa yamesaini kwamba yatalipa hata kama umeme hautapatikana, na wawekezaji walilala usingizi juu ya saini hizo, hadi Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua kwamba yale ya jimbo hilo hayakuwa na mamlaka ya kisheria ya kujifunga namna ile. Saini zao zilikuwepo na hazikuwa na nguvu. Ndiyo maana katika waraka wowote natafuta maoni ya mwanasheria yanayotaja kwa kifungu ni sheria gani inaipa mamlaka hiyo uwezo wa kukopa kwa umma, ni waziri yupi aliyetakiwa kuridhia, na barua ya ridhaa ina tarehe gani. Na kuhusu Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba mamlaka iliyo chini ya usimamizi wa ufilisi haikulazimika kuendelea kuwalipa wenye hatifungani za barabara kutoka kwenye mapato waliyowekewa rehani; inaruhusiwa kulipa, haishurutishwi.

Kuhusu msimamizi wa soko, waraka wa matarajio wa hatifungani inayouzwa kwa umma hupitiwa na kuidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79, na anayeweka uongo ndani yake anawajibika kwa jinai na kwa madai. Hiyo ni kinga halisi. Ila idhini hiyo inamaanisha kwamba umeelezwa yanayopaswa kuelezwa. Haimaanishi kwamba mradi utalipa. Vijana wale wawili nao wanapaswa kuwa wanafanya kazi chini ya dalali au mshauri mwenye leseni ya Mamlaka hiyo, na jina la mwenye leseni unaweza kuliuliza kwa Mamlaka yenyewe. Fedha usimkabidhi mtu mkononi wala kwenye namba yake ya simu. Inapita benki kwenda kwenye akaunti iliyotajwa ndani ya waraka, na umiliki wako unaandikwa kwa jina lako kwenye daftari la kielektroniki la dhamana, si kwenye daftari la chama.

Umeniuliza kinga, hukuniuliza ushauri, lakini kwa umri wa kustaafu vitu hivi viwili havitengani. Kuorodheshwa sokoni kunakupa haki ya kuuza kabla ya muda, ila haki ya kuuza si sawa na kumpata mnunuzi, na hatifungani za vyombo vidogo huweza kukaa sokoni muda mrefu bila mtu kuulizia bei. Ningekuwa mimi, sehemu kubwa ya milioni 20 ningeipeleka kwenye hatifungani za Hazina, na tawi la Benki Kuu lililopo Mtwara mjini ni mahali pazuri pa kuanzia maswali. Kwenye hatifungani ya mapato ningeweka kile tu ambacho kikichelewa mwaka mzima hakitanizuia kununua salfa ya mikorosho wala kulipa ada ya mjukuu. Milioni 3 au 4, na hata hizo baada ya kuuona ukurasa wa tafsiri, akaunti ya akiba na jina la anayeshika saini.

Sehemu ya pili ya swali lako ni rahisi zaidi. Hatifungani haifi na mwenye nayo. Ni mali kama shamba, inaingia kwenye mirathi, na riba inaendelea kuhesabika. Wanao hawatalipwa kwa kuonyesha cheti cha kifo peke yake. Itabidi mmoja wao ateuliwe na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, naye apeleke barua ya uteuzi kwa dalali ili umiliki uhamishwe kwenye daftari. Kinachowakwamisha warithi wengi ni kutojua kwamba mali hiyo ipo. Andika namba ya akaunti yako ya dhamana, jina la dalali na akaunti ya benki inayopokea riba, uiweke karatasi hiyo pamoja na hati ya shamba, na umwambie mama watoto ilipo.